Kiatu Nilichowatupia Watu wa Landover

Kosa langu kubwa kuliko yote kazini halikuwa la mguu, lilikuwa la mkono. Mbele ya watu wengi kuliko wote niliowahi kuwapa salamu maishani, nilivua kiatu changu cha kulia, kile kimoja kilichokuwa kinanilisha, nikakirusha jukwaani kwa furaha. Sekunde chache baadaye nikaambiwa kwamba kazi niliyokuwa naishangilia ilikuwa bado haijafanyika.

Nitarudi hapo. Acheni kwanza niwaeleze kazi yenyewe, maana nawajua ninyi mliozaliwa huku Marekani: Kiswahili mnakielewa vizuri sana mkiitwa kula, ila mkiulizwa nani kavunja kikombe mnajibu kwa Kiingereza. Binti wa mdogo wangu alinikamata kwenye sherehe moja, sahani ya pilau mkononi.

"Baba mkubwa, so miaka yote hiyo ulikuwa unakick tu?"

"Ndiyo."

"Hukimbii?"

"Sikimbii."

"Hukamati mpira?"

"Ukiona nimeukamata, ujue kuna jambo limeharibika."

Akanitazama kwa huruma, akaenda kuongeza kachumbari.

Yuko sahihi. Mpira wa Kimarekani huchezwa na majitu, na mimi sikuwa mmoja wao. Mimi nilikuwa mpigaji. Magoli yao hayana nyavu. Ni nguzo mbili ndefu zinazopanda juu, na mti mmoja umelazwa katikati yake. Timu ikisukumana ikakwama, inamwita mpigaji aupige mpira upite kati ya nguzo, juu ya ule mti. Mmoja anaurusha mpira nyuma kupitia katikati ya miguu yake, wa pili anapiga goti anaudaka na kuusimamisha kwa kidole, wa tatu anapiga. Yote hayo yanachukua muda wa kupiga chafya. Ukipita, alama tatu. Usipopita, majitu hamsini yaliyovuja jasho mchana kutwa yanageuka kukutazama wewe, ambaye jezi yako bado ina mikunjo ya pasi.

Nilikulia Morogoro, na baba yangu alikuwa fundi viatu. Liwekeni hilo akilini, lina kazi mbele. Kwetu kutembea peku lilikuwa kosa la jinai. Baba alisema mtoto wake akionekana bila viatu, wateja watafikiri fundi hajui kazi. Nikamaliza kidato cha nne, mjomba akaniita mji wa Herndon, huku Marekani, nikaingizwa tena sekondari huko, nami nikidhani nakuja kusomea kompyuta kama kila mtu wa Herndon. Siku moja nilipiga mpira wa miguu ukapita juu ya paa la madarasa, na kocha wa huu mpira wao alikuwa upande wa pili anakula mkate. Hakuuliza nimevunja nini. Aliuliza naitwa nani. Baadaye chuo kimoja kikanichukua kwa ajili ya mguu, kichwa wakakiacha getini. Nilikaa mihula michache, mguu ukaitwa kazini, cheti changu cha mwisho kikabaki kile cha sekondari. Kwa hiyo mzazi wenu akiwaambia msome, msinitaje mimi.

Aliyenifundisha kazi anaitwa Wendell, mzungu wa mashamba ya kusini, mfupi wa maneno, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga goti na kunishikia mpira. Nilipofika timu yangu ya kwanza nilikuwa na ujinga wa kijana mwenye bidii. Nilipiga mipira mia mbili kwa siku. Wendell akawa anashika, anashika, mpaka siku ya nne akauchukua mpira, akaukalia.

"Mguu ni kibiriti," akasema. "Una njiti zake. Zimehesabiwa. Wewe unawasha ili uone kama zinawaka."

Toka siku hiyo sikuzidisha arobaini. Ninyi mnaojirekodi kwenye simu uani, mnapiga mpaka jua linazama ili mumtumie kocha wa mtandaoni awapimie pembe ya goti, hamna shida. Simu ikiisha chaji mnachomeka. Mguu hauchomekwi popote.

Wendell alinifundisha pia upepo. Juu ya nguzo huwa kuna vitepe vidogo vya kuonyesha unakovuma. Vile vitepe ni waongo; vinajua habari za kule juu tu. Tazama karatasi za vyakula zinavyotembea jukwaani, ndipo utajua upepo unafanya nini mle ndani. Na akanifundisha kuchagua kitu kimoja nyuma ya nguzo, kidogo kabisa, na kukilenga hicho badala ya kulenga goli zima. Mwaka wangu wa kwanza nikachagua bwana mmoja mwenye kofia ya rangi ya chungwa. Alikuwa amekaa mahali pazuri mno, katikati kabisa. Nikahesabu hatua zangu, nikaanza kukimbia, na yule bwana akainuka kwenda kununua chakula. Jicho likamfuata, mguu ukalifuata jicho, mpira ukatufuata sote. Ulipita mbali na nguzo, ila kama tungekuwa tunapewa alama kwa kumpata yule bwana, tungeshinda.

"Mara nyingine," Wendell akaniambia tukitoka, "lenga kitu kisichosikia njaa."

Basi, kuhusu kiatu. Kiatu cha mguu wa kupiga hakivaliwi kwa raha. Unachukua kidogo kuliko mguu wako, namba moja na nusu chini, kikubane mpaka uusikie mpira kama unaupiga kwa mfupa. Na kwa kuwa ngozi mpya ni kaidi, unakiloweka kwenye maji ya moto, unakivaa kikiwa bado kinafuka, unatembea nacho ndani ya nyumba mpaka kikauke kwa umbo la mguu wako. Hii ni kazi ya wiki kadhaa. Wenzangu walitumia ndoo. Mimi nilitumia sufuria kubwa ya mke wangu, Mwanaidi, kwa sababu inashika joto.

Ndivyo tulivyofahamiana na jirani yetu, Bi Odessa. Tulikuwa tumehamia mji wa Bowie hatujamaliza hata mwezi. Mlango ukagongwa, nikafungua, mguu mmoja una kiatu kinachotoa moshi, mwingine una ndala. Amesimama mama mmoja Mmarekani mweusi, mrefu, mstaafu wa wizara, na Kiswahili chake alikisoma chuoni ujanani, kwa hiyo kimenyooka kuliko changu.

"Hujambo, jirani. Naomba kuuliza, mnapika nini?"

"Kiatu, mama."

Akanitazama mguu. Akanitazama uso. Akapaza sauti kumwita mke wangu ndani: "Dada, huyu ni mzima?"

"Anafanya kazi ya mpira," Mwanaidi akajibu kutoka jikoni.

"Sikuuliza kazi yake."

Tangu siku hiyo wakawa marafiki wa kunisengenya mbele yangu.

Sasa niseme jambo ambalo wachezaji hawalisemi. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikishavuka njia panda ya kutoka Bowie naanza kulikumbuka kochi. Napenda kitanda changu, kikombe changu, na kile kipande cha uani ninapopanda mchicha. Na Mungu, kwa utani wake, akampa mtu kama huyu kazi ya mpigaji, ambayo haina nyumbani. Timu ina mpigaji mmoja tu wa magoli. Akikosa Jumapili, Jumanne wanaletwa wanne wa kujaribiwa kwenye uwanja uleule, na wewe uko ndani unakula uji wa shayiri ukiwatazama dirishani. Ni vijana wenye adabu. Wanakusalimu. Wewe mwenyewe ulikuwa mmoja wao mwezi uliopita, nje ya dirisha la mtu mwingine. Ukiachwa, unangoja simu kutoka mji usioujua, unakwenda, unapanga chumba kinachonuka zulia la mtu. Kwa miaka saba nilizunguka miji sita na sanduku moja la bluu. Mwanaidi hakuweza kunifuata, ana kazi yake serikalini, na mtu mwenye akili haachi kazi kumfuata mtu mwenye mguu. Mwanangu Neema alitembea kwa mara ya kwanza nikiwa mji wa tano. Nilimwona kwenye simu, nimekaa kwenye kitanda cha kukodi, nikampigia makofi, na yule anayeishi ghorofa ya juu akadhani nampigia yeye kelele.

Kisha nikapata nafasi kwenye timu ya Landover, nikamkuta Wendell keshahamia huko. Dakika ishirini kutoka kitandani kwangu, kama hakuna ajali njiani! Asubuhi naenda kupiga mipira arobaini, jioni niko kwangu, Neema ananipanda mgongoni. Sanduku la bluu nikalisukumia nyuma kabisa ya kabati, nikaweka mablanketi juu yake.

Nikakaa misimu miwili. Msimu wa tatu mguu ukaanza kuwa na maoni yake. Katika mechi mbili nilikosa mara tatu, na kukosa kwenyewe kulikuwa kwa aibu, si kwa upepo. Jumanne nikawaona vijana wanne dirishani. Ijumaa kocha akanisimamisha kwenye korido, "Jumapili ni yako. Jumatatu tutazungumza." Kocha akikuambia mtazungumza, mazungumzo yameshakwisha, anangoja tu mpira uyatie sahihi.

Mwanaidi akaniuliza usiku ule tukikunja shuka, "Ukikosa?"

"Kuna timu ya magharibi wanatafuta mpigaji."

"Magharibi wapi?"

"Magharibi mwisho."

Alivuta ncha yake ya shuka kwa nguvu kidogo kuliko kawaida.

Jumapili yenyewe ilikuwa baridi ya kukausha machozi. Mpira kwenye baridi unakuwa kama jiwe la kusagia. Tulikuwa nyuma kwa alama mbili, zimebaki sekunde tatu, na umbali ni yadi thelathini na nane. Nikaitwa. Nikaziangalia karatasi za vyakula, zimetulia. Nikachagua taa moja nyuma ya nguzo, kitu kisichosikia njaa. Wendell akapiga goti. Mpira ukarushwa, akausimamisha, nikaupiga, ukapita katikati kabisa, mzuri kama aya ya dua.

Nikashika njia. Nilikimbia kuelekea jukwaani mikono juu, nikimwona Neema akilini, nikiona mchicha. Wenzangu wakifurahi huwa wanatupa glovu zao kwa watu. Mimi sina glovu. Kwa hiyo, kwa hesabu niliyoifanya kichwani wakati ule, nikainama, nikafungua kamba, nikavua kiatu cha kulia, nikakirusha. Jamaa mmoja mwenye koti la manyoya akakidaka kwa mikono miwili.

Nikageuka kuwatafuta wenzangu waje wanibebe. Hakuna aliyekuja. Kule katikati Wendell alikuwa bado amepiga goti, ameinamisha kichwa.

Kuna ujanja kwenye mchezo huu, na sasa mnauelewa kuliko nilivyouelewa mimi dakika ile. Kocha wa upande wa pili ana haki ya kusimamisha mchezo, na huisubiri mpaka nukta ya mwisho kabla mpigaji hajapiga, ili amwagikiwe na hofu upya. Filimbi ilikuwa imelia kabla ya mguu wangu. Majitu yote yaliisikia. Mimi nilikuwa naitazama taa.

Nikarudi nachechemea, mguu mmoja una kiatu na mmoja una soksi. Wendell akaninyanyulia macho.

"Kiatu kiko wapi?"

"Jukwaani."

"Cha akiba?"

"Nyumbani."

"Kinafanya nini nyumbani?"

"Kiko kwenye sufuria. Hakijaiva."

Niliwahi kumwona Wendell ameangukiwa na watu watatu wa kilo mia na hamsini kila mmoja, na hakuwa na sura ile. Mpigaji wetu mwingine, yule wa mipira mirefu ya kujiokoa, akanitupia kiatu chake. Nikaingiza mguu, ukaogelea. Mwamuzi akawa anatuita.

"Vua soksi," Wendell akasema.

"Peku?"

"Sheria inaruhusu. Soksi inateleza, ngozi haitelezi." Kisha akaongeza, akidhani ananitia moyo, "Si ndivyo mlivyojifunza kwenu Afrika?"

Wanangu, sikuwahi kupiga hata chungwa bila kiatu. Lakini ule haukuwa wakati wa kumweleza mtu habari za Morogoro. Nikavua soksi, nikakanyaga majani yaliyoganda, nikasikia baridi ikipanda mpaka kwenye meno. Nikahesabu hatua. Nikasema moyoni, kama ni magharibi mwisho, basi niende angalau nimepiga. Mpira ukaja, kidole cha Wendell kikatulia juu yake, nikapiga.

Ulikwenda kushoto. Nauona mpaka leo unavyokwenda kushoto. Ukagonga nguzo, mlio kama mtu amepiga sinia, ukasita pale juu, ukafikiria, ukaangukia ndani. Ningependa kuwaambia niliulenga hivyo.

Safari hii walikuja kunibeba, na ilibidi, maana mguu haukukanyagika. Ulivimba ukawa kama mkate wa boflo. Mtangazaji akawaambia nchi nzima kwamba huyu ni kijana wa mbugani, aliyekulia akipiga mipira peku katikati ya wanyama. Waandishi wakaniuliza kama ni kweli. Nikatabasamu, nikasema Afrika inatufundisha mengi. Hilo ni kosa la pili la siku ileile, na kiatu kilikuwa afadhali, kwa sababu habari ile ilisafiri mpaka Morogoro. Baba akanipigia simu.

"Ni kweli umeonekana peku mbele ya dunia nzima?"

"Baba, tumeshinda."

"Miaka arobaini nashona viatu mji huu. Peku!" Akakata. Alininunia mpaka Pasaka.

Yule jamaa wa koti la manyoya naye aliandika barua, ya heshima kabisa. Alikuwa anaomba cha kushoto.

Jumatatu kocha akaniita. Mazungumzo yalikuwa sentensi moja: "Mwakani uje na viatu viwili vya akiba." Nilikaa Landover misimu mitatu zaidi, nikastaafu kutoka kitandani kwangu mwenyewe. Mpigaji gani mwingine mnamjua aliyepata bahati hiyo? Hammjui hata mmoja, najua, hata mimi mlikuwa hamnijui.

Ila kuna jambo la jioni ile ya Jumapili ambalo sikuwahi kulisema hadharani. Nilifika nyumbani nachechemea, nimebeba ushindi, nafungua mlango, na pale mlangoni limesimama sanduku la bluu. Limejaa. Zipu imefungwa. Mablanketi yametupwa kwenye kochi.

"Hili je?" nikauliza.

"Nilikuwa nasafisha kabati," Mwanaidi akasema, na macho yake mekundu.

Nililifungua peke yangu. Nguo zangu zote za baridi zilikuwa ndani, mashati yamekunjwa kwa pembe kali kama mafaili, na soksi zimepangwa safu kwa safu kwa rangi. Mke wangu hakunji soksi hivyo. Yeye huzirusha kwenye droo zikajuane humo. Nikasema labda hasira zimemfundisha. Nilielewa kwamba nilipokuwa kule kwenye barafu nikipigania kubaki nyumbani, nyumbani walikuwa wameshanisafirisha. Nikazitoa nguo, nikazirudisha kabatini. Lakini kila mwaka tukigombana kidogo, tuseme kuhusu sufuria, namkumbusha: wewe ulinifungia mizigo saa bado inahesabu. Naye, ajabu, hajawahi kujitetea. Huinuka tu akaenda kuchuma mchicha.

Somo langu kwenu lilikuwa liishie hapo. Nilikuwa nimeandaa na maneno mazuri ya kufungia, kuhusu kazi na imani ya watu wa nyumbani. Juzi nikampelekea Bi Odessa karatasi hizi kibarazani kwake, anikagulie Kiswahili, nikamsomea kwa sauti. Mwanaidi alikuwa amekaa pembeni yake, bakuli la maharage mapajani. Mambo ya sufuria Bi Odessa alicheka. Mambo ya baba yangu alicheka mpaka akavua miwani. Nilipofika kwenye sanduku akaacha kucheka, akamtazama Mwanaidi. Mwanaidi akaendelea kumenya maharage, anatikisa kichwa polepole kama mtu anayesema usithubutu.

Bi Odessa akarudisha miwani usoni.

"Hilo sanduku nililipanga mimi, jirani. Mkeo alikuwa na imani na wewe. Mimi nilikuwa natazama televisheni."